Kiungulia Changu Wakakibatiza Wito

Kwa aliyekosa umbea wa mtaa wetu, asihangaike kumuuliza jirani. Nitamwambia mwenyewe: nilibeua msibani.

Haikuwa mbweu ya adabu, ile ya kufunikwa na kiganja. Ilianzia kwenye nyayo, ikapitia tumboni ikabeba achari na utumbo wa jana, ikatoka wakati mchungaji amenyamaza ili tumkumbuke marehemu. Zikafuata nyingine mbili, ndugu zake.

Bibi MaNtlane, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaruka kitini: "Camagu!"

Hema zima likaitikia: "Camagu!"

Hilo ndilo neno la kuwaitikia mababu. Kwetu Mdantsane, huku Afrika Kusini, mtu akibeua mfululizo hatumuulizi alikula nini. Tunamuuliza anaitwa na nani. Waganga wetu wengi walianza hivyo hivyo, kwa miayo na mbweu, kabla hawajavaa shanga.

Mimi sikuitwa na mtu. Nina kiungulia, mwaka wa nne sasa. Kifua kinawaka, maji machungu yanapanda kooni, na nikiinama kuosha nywele za mteja chakula kinarudi kuulizia habari za mjini.

Ningesema pale pale. Mdomo ninao, na haujawahi kusifiwa kwa uvivu. Lakini niliwatazama wale watu mia, wote macho kwangu, nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi sikuyaficha. Niliyaacha yabatizwe, nikasimama pembeni kama mzazi.

Basi wakaja. Nina saluni ya nywele kwenye gereji yetu hapa mtaa wa N.U. 7, viti vitatu na benchi la wambea. Siku zote nyumba yangu imejaa, maana nyumba isiyo na watu naiona kama kinywa kisicho na meno. Lakini baada ya msiba ule walijaa hadi wakakalia ndoo.

Wakauliza maswali. Mimi nikabeua. Wao wakatafsiri.

Mama mmoja alipoteza kitambulisho chake. Nikabeua nimeangalia jokofu, kwa sababu nilikuwa nawaza soda. Akakimbia kwao, akakikuta ndani ya friza, chini ya miguu ya kuku. Siku iliyofuata nikaletewa sufuria ya utumbo.

Niambie wewe, nani angeacha?

* * *

Jumatatu asubuhi MaNtlane aliingia saluni bila kubisha, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kwa furaha.

"MaDlomo, simama nikukumbatie! Anakuja Jumamosi."

"Nani, mama?"

"MaGatyeni mwenyewe! Anakuja kukusikiliza."

Nikaacha kichana hewani. MaGatyeni ni mganga wa N.U. 11, na si wa mchezo. Hata wachungaji wanamsalimia kwa mikono miwili.

"Kunisikiliza nini?"

"Hilo tumbo, mwanangu. Akiwasikia wazee humo ndani, unaondoka naye siku hiyo hiyo. Mbuzi tumeshampata, yuko kwangu anakula pazia."

"Naondoka kwenda wapi?"

"Kwake, ukafundwe uganga! Mwaka mmoja. Ukiwa mwepesi, miezi minane."

"Na saluni?"

"Unafunga."

"Na nywele zangu?"

"Zinanyolewa. Zote. Unapakwa udongo mweupe, unaamka alfajiri kucheza ngoma, unakula wa mwisho, husemi mpaka usemeshwe."

Mteja niliyekuwa namsuka akacheka. "Huyu? Asiseme mpaka asemeshwe? Mama, mwaka hautatosha."

"Na mume wangu je?" nikauliza, sauti imeanza kukonda.

"Bhele atakula kwangu," MaNtlane akasema, kama vile mume ni paka.

Kukataa sikuweza. Ningesema nini? Kwamba wiki mbili nimewachezea mababu kwa achari? Nani angekaa tena kwenye kiti changu? Na kukubali pia sikuweza, maana mimi mwaka mzima bila watu wangu na nyumba yangu ningerudi kwenye jeneza.

Palibaki njia moja. Tumbo linyamaze kabla ya Jumamosi. MaGatyeni akisikiliza asisikie kitu, aende zake kwa amani, na mimi nibaki na nywele zangu.

Nikamwachia mteja nusu ya kichwa, nikaenda zahanati.

* * *

Sista Pamla ni nesi asiye na subira na waongo. Alinitazama juu ya miwani.

"MaDlomo, mwaka wa nne unakunywa ule unga wa povu kama juisi, leo ndiyo umekumbuka njia? Haya. Unakula nini?"

"Kawaida tu."

"Kawaida ya nani?"

"Utumbo. Maandazi ya kukaanga. Kande ikiwa na mafuta. Achari ya pilipili, kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kopo."

Akaandika. "Chakula cha jioni unakula saa ngapi?"

"Wageni wakishaondoka."

"Wanaondoka saa ngapi?"

"Hawaondoki."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo unakula usiku, unashiba, unaanguka kitandani hapo hapo."

"Sista, nimesimama siku nzima! Nilale nimesimama kama farasi?"

"Sikiliza. Mdomo wa tumbo lako umelegea, una mlango usiofungwa vizuri. Ukilijaza ukalala chali, vinarudi juu. Kwa hiyo unakula kidogo kidogo, mara nyingi. Cha mwisho unakila masaa matatu kabla ya kulala. Ukimaliza usijilaze, tembea taratibu. Pilipili, vya kukaanga, kahawa, soda, pombe, acha. Hiyo sketi inayokukata kiuno, vua, vaa gauni pana. Lala ubavu wa kushoto. Na kitanda kiinue upande wa kichwa."

"Nina mito minne."

"Mito inakukunja tumbo tu. Matofali, chini ya miguu ya kitanda. Upande wa kichwa peke yake."

"Inachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa."

"Nina siku tano."

"Una harusi?"

"Nina mababu."

Hakuuliza zaidi. Akanipa vidonge kwenye karatasi, akaninyooshea kidole: "Ukianza kushindwa kumeza, ukitapika damu, au ukikonda bila sababu, unarudi hapa mbio."

"Kukonda bila sababu?"

Akanipima kwa macho toka juu hadi chini. "Hilo halituhusu wiki hii."

* * *

Nikajikaza kisabuni.

Sketi nikaitupa kabatini, nikavaa gauni pana kuliko yote niliyo nayo. Bahati mbaya lilikuwa jeupe.

MaNtlane aliponiona alishika kifua. "Ameanza kuvaa nyeupe ya walioitwa!"

Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, nikakaa jikoni peke yangu nikala kijiko cha uji wa mahindi na kipande cha kuku wa kuchemsha. Sikuwa nimekula peke yangu tangu niolewe. Wageni walikuwa sebuleni wananichungulia.

"Anakula kabla jua halijazama," mmoja akanong'ona, mnong'ono wa kusikika N.U. 8.

"Na amekataa pilipili. Amewekewa miiko."

"Nani kamwekea?"

"Unauliza? Wao!"

Nikamaliza kula, nikatoka kutembea kama nilivyoagizwa. Taratibu, mkono tumboni, gauni jeupe linapepea. Nilipogeuka kwenye kona niliona mapazia yote ya mtaa yamefunguka kidole kimoja. Mzee mmoja akavua kofia.

"Camagu, mama."

"Natembea tu, baba!"

"Ndiyo. Wote huanza kwa kusema hivyo."

Jumatano mchana nikamwomba mume wangu anisaidie matofali. Bhele ni mtu wa maneno machache. Yale anayoyasema kwa mwaka, mimi huyamaliza nikifungua dirisha. Akainua kitanda kwa bega, nikasukuma matofali mawili kila mguu, upande wa kichwa.

Akasimama akakitazama kitanda kilivyoelea.

"Unamwogopa tokoloshi?"

"Tokoloshi gani? Kile kijitu kifupi cha wachawi?"

"Si ndiyo watu huweka matofali asiwafikie."

"Bhele, tokoloshi angepandia miguuni! Huoni upande mmoja uko chini?"

Akafikiri. "Basi umemwekea ngazi."

Sikujua kama anatania. Kwa huyu mtu, sijawahi kujua.

MaNtlane alikuja kuazima sukari, akapita chumbani kwangu kana kwamba sukari huwekwa huko. Alipotoka alikuwa na machozi.

"Wamemwinua kichwa," akawatangazia waliokuwa saluni. "Kitanda kimeinuka chenyewe."

"Kwa matofali, mama!" nikapiga kelele.

"Na matofali nani kakutuma uweke?"

"Nesi!"

Wakatazamana. MaNtlane akatikisa kichwa kwa huruma. "Mababu wana mbinu. Siku hizi wanapitia hata serikalini."

Hapo ndipo nilipofahamu nimeingia mtego gani. Kula kidogo, kula peke yako, kukwepa pilipili, kuvaa pana, kulala upande mmoja: kila dawa ya kiungulia ilikuwa pia dalili ya mtu aliyeitwa. Kadiri nilivyopona, ndivyo walivyozidi kuamini. Na kadiri walivyoamini, ndivyo walivyoleta sufuria. Utumbo, maandazi, tangawizi ya kuchacha kwenye ndoo. Sikugusa hata kijiko. Harufu yake ilinifanya nilie kama mjane.

Lakini tumbo, wacha niwaambie, tumbo lilianza kusikia. Alhamisi nilibeua mara mbili, na mbweu zenyewe ndogo, za mtoto. Ijumaa sikubeua kabisa. Kifua kilikuwa baridi kama sakafu ya kanisa. Nililala kwa ubavu wa kushoto nikaamka sijaungua koo, mara ya kwanza kwa miaka minne.

Kumbe hivi ndivyo watu wengine wanavyoamka! Na hawasemi!

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi hapakuwa na pa kuweka mguu. Waliobebana walibebana, waliokaa dirishani walikaa dirishani. Mbuzi alifungwa kwenye bomba la uani, pazia bado mdomoni.

MaGatyeni aliingia na ukimya wake. Mwanamke mwembamba, shanga nyeupe kichwani, viatu mkononi. Akakaa kwenye mkeka mbele yangu, akanusa tumbaku, akafumba macho.

"Asiseme mtu," akasema. "Nataka kusikia."

Tukakaa.

Nyumba yangu haijawahi kunyamaza hivyo. Nilisikia saa ya ukutani, ambayo sikujua kama bado inafanya kazi. Nikangoja tumbo langu linisaliti. Likakaa kimya kama mtoto aliyeahidiwa peremende.

MaNtlane akakohoa kunichokoza. Wapi. Akanisogezea bakuli la achari chini ya pua. Wapi.

MaGatyeni akafumbua macho. "Huyu hana kitu."

Watu wakaguna kama waliofungwa bao dakika ya mwisho. Mimi nilitaka kuruka nimbusu. Nywele zangu! Saluni yangu!

Ndipo ikapigwa mbweu moja mlangoni.

Ilikuwa nene na ndefu, na ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Dirisha lilitikisika. Kila kichwa kikageuka.

Bhele alikuwa amesimama na kofia mkononi, ameshtuka kuliko sisi.

"CAMAGU!" MaNtlane akapasuka. "Kumbe ni yeye! Walikuwa wanamtafuta yeye, wakakosea upande wa kitanda!"

"Camagu! Camagu!"

Nikacheka. Nakiri mbele yenu, nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikamwona MaGatyeni anainuka kumwendea mume wangu, na wanawake wawili wameshatoka kwenda kumfungua mbuzi, na kicheko kikanikauka.

Mwaka mmoja. Walitaka kumchukua Bhele mwaka mmoja, kwa utumbo wangu.

"Ngojeni!" nikasema. "Mama, ngoja. Hakuna mababu. Mimi nina kiungulia."

MaNtlane akanigeukia.

"Nina kiungulia, tangu zamani. Pale msibani ilikuwa achari. Kitambulisho kwenye friza ilikuwa bahati. Nilinyamaza kwa sababu mlikuja wengi, na mimi napenda mkija. Na huyu amekula sufuria zenu zote wiki nzima, zisiharibike. Nisameheni."

Benchi la wambea likaacha kutafuna. Hilo peke yake lilikuwa muujiza.

"Kwa hiyo tulimwitikia achari?" mtu akauliza kutoka dirishani.

MaGatyeni hakukasirika. Alinitazama kama fundi anayetazama kazi ya mtu asiyekuwa fundi.

"MaDlomo, mbweu nimezisikiliza miaka ishirini na sita. Ya mababu naijua, na ya utumbo naijua. Yako nilisimuliwa tu, nikajua ni ya kwenda zahanati. Nilikuja ili hawa walisikie kutoka mdomoni mwako." Akamgeukia Bhele. "Na wewe baba, umekula nini?"

"Utumbo, mama. Tangu Jumatatu."

Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Hata MaGatyeni alitabasamu upande mmoja.

"Basi na hiyo ni ya utumbo. Mrudishieni mbuzi pazia lake." Akaokota viatu vyake, na watu wakaanza kusogea kumpisha. Mimi nilishaanza kutafuta sufuria ya chai, maana wageni ni wageni.

"Mama, usiondoke," Bhele akasema.

Sijawahi kumsikia akisema na watu wengi namna ile. Hakupaza sauti. Ila watu waliacha kucheka, mmoja baada ya mwingine.

"Mbweu ni ya utumbo. Lakini maji je?"

MaGatyeni akasimama. "Maji gani?"

"Naota mto. Mwaka wa tatu sasa. Nashuka ndani, sizami. Chini kuna wazee wamekaa, na baba yangu yuko kati yao, ananionyesha pa kukaa. Nikiamka mikono imelowa."

Hakuna aliyesema camagu. Halikuwa jambo la kupigia kelele. MaGatyeni aliweka viatu chini polepole, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bhele!" nikasema. "Miaka mitatu? Hujaniambia!"

"Nilikuambia mara nne."

"Lini?"

"Mara ya kwanza ulisema ngoja mgeni aondoke."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia.

MaGatyeni akakaa tena kwenye mkeka, akapigapiga mkeka ili Bhele naye akae. Wakanong'onezana muda. Nilisikia "mto upi," nikasikia "baba yako alifia wapi." Kisha akainua kichwa kwangu.

"MaDlomo. Hili si la tumbo, ni wito wa kweli. Nikimchukua, namchukua leo. Lakini mume wa mtu simtoi nyumbani kwake bila neno la mkewe. Unasemaje?"

Nikafungua mdomo. Nawaapia, sikujua kitakachotoka.

"Amekubali!" MaNtlane akaita kutoka nyuma yangu.

"Amekubali! Camagu!" wakaitikia wote, sebule, saluni, dirisha na uani, na ngoma ikaanza kupigwa mahali fulani.

Bhele akainuka. Akaupita umati wote, akasimama mbele yangu karibu sana, mpaka nikasikia anavyopumua. Miaka kumi na tisa ameniita MaDlomo, kwa ukoo wangu, kama heshima inavyotaka.

"Hao sikuwauliza," akasema. "Nakuuliza wewe, Nomonde."